Mapitio: kozi ya kwenye simu ya kutofautisha than na then, less na fewer, na wenzao

Wadau, kwa muda sasa natumia programu moja ya simu ya kujifunza sarufi ya Kiingereza, na ndani yake kuna kozi fupi inayohusu maneno ya kulinganisha peke yake, yale yanayochanganya watu kila siku, than na then, less na fewer, elder na older, farther na further, like na as, na mengine ya ukoo huo. Jina la programu naliacha pembeni kwa sababu kozi za namna hii zipo nyingi na nyingi zimejengwa kwa mtindo unaofanana, kwahiyo ukielewa ninachosema kuhusu hii utaweza kuipima yoyote utakayokutana nayo. Mimi naipa nyota 3 na nusu kati ya 5.

Niseme mapema kinachonisumbua. Kozi hii imetungwa kwa ajili ya mtu aliyekua anaongea Kiingereza na shida yake iko kwenye kuandika. Mtu huyo anajua kabisa kusema taller, bigger, better, tangu mtoto, ila akishika kalamu anachanganya herufi. Sisi tunaowaza kwa Kiswahili tunatokea upande mwingine kabisa, na somo lisipojua tunatokea wapi linaishia kututibu ugonjwa ambao hatuna huku wetu likiupita mlangoni.

Than na then ndo somo la kwanza na kiukweli ndo lililoandaliwa vizuri kuliko yote. Kabla hujaona maandishi yoyote unasikilizishwa sauti, mtu anasema "My sister runs faster than I do" kwa kasi ya kawaida ya maongezi, afu unaulizwa umesikia lipi kati ya hayo mawili. Ukisikiliza utagundua sikio halikusaidii, maana kwenye maongezi ya haraka ile a ya than inafifia mpaka inabaki kasauti kafupi tu katikati ya dh na n, na then ikitamkwa harakaharaka inakaribia palepale. Wametega hivyo makusudi. Baada ya hapo ndo wanakwambia tazama sentensi inafanya kazi gani, kama kuna vitu viwili vinapimwa andika than, kama kuna jambo linafuata jingine au kuna wakati unatajwa andika then. Hiyo kuanzia kwenye sauti nimeipenda sana kwa sababu inaonyesha kwa nini hata wenye lugha wanakosea, na mwanafunzi anaacha kujiona hana akili.

Kuna kitu hawakukisema na kingewasaidia. Maneno haya mawili zamani yalikuwa neno moja. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa ni neno lilelile lenye maumbo tofautitofauti, na kwa karne nyingi watu waliandika hili kwa maana ya lile bila mtu kushtuka, mpaka kwenye miaka ya 1700 hivi ndo tahajia zikawa zimetengana kama tunavyoziona leo. Ukilijua hilo unaelewa kwamba hii mipaka iliwekwa na waandishi, matamshi hayakuwahi kuitenganisha sawasawa, na ndo maana kisahihishi cha kawaida cha simu kinaweza kukupitishia "bigger then me" bila kupiga mstari mwekundu, coz then ni neno halali na tahajia yake iko sawa, kosa liko kwenye kazi yake ndani ya sentensi.

Sasa tuone pale kanuni yao inapovunjika. Chukua sentensi hii: "No sooner had he sat down than the phone rang." Mtu amekaa, hapohapo simu ikaita, yaani jambo limefuata jambo, na kwa kanuni ya kozi mwanafunzi mwaminifu ataandika then na atakosa. Jibu ni than kwa sababu sooner yenyewe ni neno la kulinganisha, ina ile -er, na mwenzake wa -er ni than hata kama habari nzima inahusu wakati. Kozi haigusi hili kabisa, wala haigusi rather than na other than ambazo ukizitazama kwa juu huoni kipimo chochote ndani yake. Mimi ningewaambia wanafunzi wakague kitu cha pili pia, je kabla ya pengo kuna more, less, rather, other au neno lenye mkia wa -er? Kama lipo na linasubiri mwenzake, basi ni than. Hiyo inaokoa sentensi nyingi zaidi kuliko swali la maana peke yake.

Haya, sasa twende kwetu. Kwenye Kiswahili sifa haibadiliki ukiilinganisha. Juma ni mrefu, Juma ni mrefu kuliko Asha, Juma ni mrefu kuliko wote, neno mrefu limekaa vilevile mara zote tatu na kazi yote ya kulinganisha imebebwa na kuliko, na ukitaka utaweka kushinda au kupita au zaidi ya, bado mrefu haguswi. Ndo maana mtu wetu anasema "Juma is tall than Asha" na kwake sentensi imekamilika, kwa sababu than ameiona ni kuliko na kuliko huwa inatosha. Than ameiandika sawa kabisa! Kwenye kwizi ya kozi hii atapata alama zote, kwa sababu kwizi inakupa "Juma is taller ___ Asha", ile taller umeshaandaliwa mezani, wewe kazi yako ni kuchagua a au e tu. Nimepitia mazoezi yote ya somo hilo na sijaona hata moja linalompa mtu neno tall akaambiwa alitengeneze mwenyewe. Hapa ndo nusu ya nyota iliponitoka, na ukinibana nyingine nayo.

Na ukienda kwenye kuliko wote mambo ni yaleyale, "Juma is tall than all" inatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu safi, wakati Kiingereza kinaacha than kabisa na kudai "the tallest of all", au ukiing'ang'ania than basi uwataje wenzake, "taller than all the others". Afu kuna sana. Sisi tunasema mkubwa sana, na tunasema amenizidi sana, neno ni hilohilo, kwahiyo tunazaa "very bigger". Kiingereza kimegawa kazi, very inakaa na sifa ikiwa yenyewe, much au far inakaa na sifa ikishalinganishwa, "very big" lakini "much bigger". Mtu akishaambiwa hivi mara moja kwa mfano mzuri hasahau, ila lazima aambiwe, na kozi hii haikumwambia.

More better nayo imepewa sentensi moja tu ya kukataza. Wanasema usirundike. Sawa, kwa Kiingereza cha leo kinachoandikwa rasmi usirundike, chagua more au -er. Ila wangeongeza kwamba enzi za Shakespeare kurundika kulikuwa kawaida na yeye mwenyewe alirundika, ni mtindo uliokuja kukataliwa baadaye. Kwangu hiyo inasaidia kwa sababu mwanafunzi anaacha kudhani kosa lake ni ushamba.

Somo la less na fewer ndo lililonikera. Wanakupa kanuni moja, vinavyohesabika fewer, visivyohesabika less, afu wanakupeleka kwenye mazoezi. Kwanza walikosa bahati ya bure hapa, kwa sababu Kiswahili kina jozi inayokaribiana sana na hiyo, watu wachache, vitabu vichache, lakini maji kidogo, mchanga kidogo, hakuna anayesema watu kidogo akaeleweka vizuri. Mwanafunzi wetu anaingia na hisia hiyo tayari, angeambiwa tu "palipo na chache weka fewer, palipo na kidogo weka less" angefika karibu kabisa na mwisho wa safari kwa dakika chache.

Lakini shida ni pale mwisho wa safari penyewe. Kwenye zoezi moja kuna sentensi "We live ___ than five kilometres from the sea", na majibu yao yanasema sahihi ni fewer kwa sababu kilomita zinahesabika. Hapana jamani. Umbali, muda na fedha Kiingereza kinavichukua kama kiasi kimoja kizima, hakihesabu kilomita mojamoja, kwahiyo ni "less than five kilometres", "less than ten minutes", "less than fifty dollars". Mwalimu yeyote wa Kiingereza aliyebobea atakwambia hivyo, na ukiandika fewer pale msomaji mzoefu anakwama. Hapo pia kipimo cha chache kinahitaji tahadhari maana sisi tunasema kilomita chache na dakika chache bila tatizo, kwahiyo ukifika kwenye umbali, muda na fedha achana na Kiswahili, fuata Kiingereza.

Na hii kanuni yenyewe wanaifundisha kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex huko Uingereza ya kale, mwishoni mwa karne ya 9 alishatumia less kwa vitu vinavyohesabika, na watu waliendelea hivyo kwa mamia ya miaka. Aliyekuja kuandika kwamba fewer ingefaa zaidi ni mwandishi Mwingereza Robert Baker mwaka 1770, na aliiweka kama mapendekezo ya ladha yake, ni waliokuja nyuma yake ndo walioigeuza kuwa sheria. Huko Uingereza mabango ya madukani ya "10 items or less" yalilalamikiwa mpaka mwaka 2008 maduka makubwa ya Tesco wakaamua kuandika "Up to 10 items" na kulikwepa neno lenyewe. Mimi bado nashauri anayeandika mtihani au barua ya kazi aandike fewer kwa vinavyohesabika, kwa sababu anayesahihisha anaweza kuwa anaishikilia, ila mwanafunzi ana haki ya kujua kwamba akimsikia mzungumzaji mahiri anasema "less people" hajasikia mtu mjinga.

Elder na older wamezipitia mbio kwenye kadi moja tu, na kwetu hapa ndo penye ndugu wengi na makosa mengi. Elder inakaa ndani ya familia na inakaa mbele ya jina, "my elder brother", basi, na haikubali than kamwe. "He is elder than me" ni kosa lililoenea mno, inatakiwa "he is older than me". Older yenyewe inaenda kokote, watu, nyumba, miti, na hata kwa kaka unaweza kuitumia, "my older brother" ni sawa kabisa. Alafu kuna hili ambalo kozi ya mtu wa nje haiwezi kulifikiria, sisi neno kubwa linabeba umri na umbo kwa pamoja. Kaka yangu ni mkubwa kwangu, mdogo wangu, dada mkubwa, hakuna anayewaza mwili hapo. Mtu akihamisha hivyohivyo anasema "my brother is bigger than me" akimaanisha umri, na msikilizaji anapata picha ya jamaa mwenye kifua kipana. Umri, older. Umbo, bigger. Cheo au ukongwe kazini, senior, na senior haitaki than, inataka to.

Hapo kwenye to nawapa heko, wamefanya kazi nzuri. Wameyakusanya superior, inferior, senior, junior na prior pamoja na wakaeleza sababu, kwamba yanatoka Kilatini na ule mkia wa -ior ndo uliokuwa mkia wa kulinganisha huko Kilatini, kwahiyo yameshalinganishwa tayari tangu yanaingia, huwezi kusema more superior, na yana desturi yake ya kufuatwa na to. "Superior to the old one." Prefer nayo wameiweka jirani, "I prefer reading to writing". Mazoezi yake yanakutaka uandike sentensi nzima mwenyewe na si kuchagua tu, na ningetamani kozi yote ingekuwa hivi, kwa sababu hapa niliona kabisa jinsi mtu anavyojengewa mkono.

Like na as ni somo refu na limejaa vitu, ila wamelijenga juu ya hofu. Wanakuonya sana usiweke like mbele ya sentensi yenye kitenzi, useme "as I said" na si "like I said", na ni kweli kwenye maandishi rasmi hivyo ndo inavyotakiwa. Ugomvi huo ni wa zamani, tangazo la sigara za Winston la mwaka 1954 lilizua kelele Marekani kwa sababu lilisema "like a cigarette should". Lakini kwetu sisi ugomvi huo ni mdogo, mkubwa ni kama. Kama ya Kiswahili inabeba like, inabeba as, inabeba such as, na inabeba if juu. Tazama hizi mbili, "She worked as a doctor" na "She worked like a doctor". Ya kwanza alikuwa daktari kweli, ana cheti, ndo ajira yake. Ya pili hakuwa, ila alifanya kazi kwa namna ya daktari. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema alifanya kazi kama daktari kwa zote mbili na ukabaki unamuuliza. Kwenye barua ya maombi ya kazi ukiandika "I worked like a teacher for three years" umejiondolea ualimu mwenyewe. Hiyo jozi kozi imeiweka mwishoni kabisa, kwenye mazoezi ya ziada yaliyofungwa mpaka umalize mengine yote, wakati mimi ningeifungulia somo.

Pia kwenye kufananisha sawasawa, mrefu kama mimi, wengi wanaandika "tall like me" au wanachanganya "as tall than me". Ni "as tall as me", as mbili, zinaibana sifa huku na huku.

Kuhusu "than I" na "than me" wamekuwa wakali bila sababu, wanakata alama ukiandika me. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika mwaka 1762 kwamba kiwakilishi kinachofuata than kifuate kitenzi kilichofichwa, na wengi wanaishikilia hiyo mpaka leo, ila "taller than me" ni Kiingereza cha kawaida kabisa kwenye maongezi. Pale penye maana mbili ndo pa kuwa makini, "She loves the dog more than me" inaweza kuwa anampenda mbwa kuliko anavyonipenda mimi, au anampenda mbwa kuliko mimi ninavyompenda huyo mbwa. Dawa ni kuweka kitenzi, "more than I do", na utata unakufa.

Farther na further sina maneno mengi. Wanasema farther kwa umbali, further kwa mengine, na ukikosea wanakukata. Waingereza wanatumia further kwa vyote viwili, kwahiyo ukishika further ukaitumia kila mahali hakuna atakayekusumbua isipokuwa kozi hii. Later na latter wameeleza vizuri, latter ni wa pili kati ya wawili waliotajwa. Latest na last vizuri zaidi, mwandishi aliye hai ukisema "his last book" unaweza kueleweka kama umemwandikia tanzia, sema "his latest book".

Upande wa huduma, programu inafanya kazi bila intaneti ukishapakua masomo, sauti ni safi, na ukikosea inakurudishia swali lilelile baada ya muda, hilo ni jambo jema. Maelezo ya kosa ndo mafupi mno, mstari mmoja, mara nyingi ni kanuni ileile uliyoisoma mwanzo. Kuna kitufe cha kuripoti jibu lenye kosa na nimekitumia kwa lile la kilomita, wakanijibu wamepokea, mpaka naandika hapa jibu lao bado ni fewer.

Kama shida yako ni than na then tu, ichukue, fanya somo la kwanza na lile la Kilatini. Kama unafundisha watoto au unajiandaa na mtihani, tumia sauti zao na mifano yao ila mazoezi yabadilishe, mpe mwanafunzi tall, good, bad, old, far zikiwa tupu, afu mwambie atunge sentensi mbili kamili zinazolinganisha watu wawili anaowajua, moja kwa umri na moja kwa urefu, uone kama ile -er inatoka yenyewe bila kusukumwa.